Alimchukua Kando

Mazungumzo ya redio. Somo: Marko 7:31-37

Twawasalimu ninyi mlio jikoni mkichemsha chai ya asubuhi, ninyi mlio njiani kwenda shambani, nanyi madereva mliolaza malori yenu kando ya barabara kuu ya Mombasa hapa Kibwezi. Kama Biblia iko karibu, ifungueni katika Injili ya Marko, sura ya 7, kuanzia mstari wa 31. Kama haiko karibu, sikilizeni tu. Habari yenyewe ni fupi.

Watu walimletea Yesu mtu aliyekuwa kiziwi, tena mwenye kusema kwa shida. Wakamsihi amwekee mkono. Bila shaka walitaka jambo lifanyike pale pale, mbele ya macho yao. Lakini Bwana hakufanya hivyo. Kwanza alimchukua mtu yule kando, mbali na watu. Ndipo akamgusa masikio na ulimi, akamfungua. Na mwisho akawakataza wale watu wasilitangaze jambo lile.

Hebu tuyashike mambo hayo mawili: alimchukua kando, na akakataza kutangaza. Asubuhi ya leo twataka kuyapima kwayo mahubiri yetu sisi tunaosema redioni na katika televisheni, tunaoandika katika magazeti ya kanisa, na siku hizi tunaotuma video katika simu. Twataka kujiuliza: tunapomtaja mtoto asiyesema, je, twamchukua kando kama Bwana alivyofanya, au twamsukuma katikati ya makutano?

Twazungumza habari za watoto wenye usonji. Huenda neno hilo ni geni kwa wengine, maana katika vipindi vyetu vya dini halisikiki mara nyingi. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza. Ni kwamba ubongo wa mtu umekua kwa namna yake tangu mwanzo wa maisha, hata kusikia kwake, kusema kwake na kuchangamana kwake na watu kukawa si kama kwa wengine. Mara nyingi dalili huonekana kabla mtoto hajatimiza miaka 3. Mmoja hageuki akiitwa kwa jina lake. Mwingine hatazami mtu machoni. Mwingine hupepea mikono, au hupanga vitu katika mstari mmoja kutwa nzima, na ukimvurugia hulia kama aliyefiwa. Yuko asiyesema kabisa, na yuko asemaye sana lakini juu ya jambo moja tu. Wengi wao huumizwa na sauti ambazo kwetu sisi ni za kawaida.

Daktari Leo Kanner, huko Marekani, alieleza habari za watoto 11 wa namna hii katika mwaka 1943. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila watu 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Basi katika kanisa lenye washiriki 300, twaweza kutazamia wawili au zaidi. Kama hatuwaoni ibadani, yatupasa kuuliza wako wapi, na ni nani aliyewafanya wabaki nyumbani.

Sasa, vipindi vyetu vya dini huwaonyesha watoto hawa kwa picha gani? Sisi twaona picha tatu.

Picha ya kwanza ni ya pepo. Hapa tutasimulia jambo ambalo sisi wenyewe tulishiriki, na tutalisimulia kwa aibu. Tulimwomba mama mhusika ruhusa kabla ya kuja hapa, naye alituruhusu kwa sharti kwamba tusitaje jina la mtoto wala la kijiji.

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa tuwe miongoni mwa wahubiri katika mkutano mkubwa wa injili katika sehemu zetu hizi. Vipaza sauti vilikuwa vimerundikwa pande zote mbili za jukwaa, hata vumbi la uwanjani lilikuwa likitetemeka. Mama mmoja akaja na mwanawe wa miaka 6, ambaye hajapata kusema neno. Walipokaribia jukwaa, mtoto aliziba masikio kwa mikono, akapiga yowe, akajitupa chini. Mhubiri mwenzetu akasema, "Mnaona? Pepo limelisikia jina la Yesu!" Watu wakapiga makofi. Kipaza sauti kikasogezwa karibu zaidi na kinywa cha mtoto ili yowe lisikike. Wakamshika mikono na miguu, wakaomba kwa sauti kuu. Baada ya muda mrefu mtoto akanyamaza, nayo ikatangazwa kwamba amefunguliwa. Sisi ndio tuliopewa sala ya kushukuru. Tukaisali. Majuma mawili baadaye ushuhuda ule ulirushwa na redio moja ya mbali, na sauti yetu ilikuwa ndani yake, ikisema Amina.

Ilipita miezi kabla hatujapita nyumbani kwa mama yule. Alitutolea kigoda chini ya mwarobaini, akatukaribisha kwa heshima. Kisha akasema, "Mchungaji, mlitangaza redioni kwamba mwanangu amepona. Kijiji kizima kilisikia. Sasa wananiuliza mbona hasemi. Wengine wanasema pepo lilitoka, mimi nikalirudisha kwa dhambi zangu. Kabla ya siku ile nilikuwa na mtoto asiyesema. Sasa nina mtoto asiyesema, na mimi nimekuwa mwenye dhambi."

Tulikuwa tumesoma chuo cha theolojia, wapendwa, lakini hatukuwa na jibu. Tulisema tu, "Mwaitu, tusamehe."

Ndipo tulipoanza kuuliza na kusoma, tukafahamu tulichokuwa tumekiona. Mtoto yule hakuwa akilikimbia jina la Yesu. Alikuwa akivikimbia vipaza sauti. Na aliponyamaza, alinyamaza kwa kuchoka. Tena tuligundua kwamba tangu siku ile mama alikuwa ameacha kumpeleka kliniki, kwa sababu aliambiwa kwamba kurudi kwa daktari ni kuonyesha kwamba hamwamini Mungu. Maneno hayo ni mageni hapa kwetu. Ujumbe wa Waskoti ulipofika Kibwezi mwaka 1891, kabla haujahamia Kikuyu mwaka 1898, ulikuja na Biblia pamoja na daktari. Waliotuletea Neno hawakuona kwamba dawa ni adui wa sala.

Mwingine atatuuliza, "Mchungaji, mbona katika Marko sura ya 9 Yesu alimkemea pepo aliyemtesa kijana?" Ni swali la haki, nasi hatuikatai Injili. Lakini isome habari ile polepole. Kijana yule alikuwa akianguka, akitoka povu, akikauka. Hakuna neno pale lisemalo kwamba kila mtoto asiyesema ni kama yeye. Kisha tazama alivyofanya Bwana. Alimgeukia baba, akamwuliza jambo hili limempata mwanawe tangu lini. Alitaka kusikia habari za mtoto kutoka kwa yule anayekesha naye. Nasi katika mkutano ule hatukumwuliza mama hata swali moja. Tena Marko asema kwamba Yesu alipoona watu wanakuja mbio wakikusanyika, ndipo akatenda. Hakungoja umati ujae. Sisi huita umati kwanza, tukafunga mitambo, ndipo tukamwita mtoto.

Msidhani kwamba haya ni mambo madogo. Maneno ya dini yana miguu. Yakitoka kinywani hayarudi. Kabla ya redio kulikuwa na kitabu kilichopigwa chapa. Martin Luther, ambaye sisi sote twamheshimu, alizungumza mezani juu ya mtoto mmoja wa mji wa Dessau, wa miaka 12, ambaye hakuwa kama wengine. Luther alidhani kwamba huyo si mtoto wa kweli bali ni kitu kilichowekwa na shetani, akashauri atoswe mtoni. Watawala wa huko hawakukubali. Leo hatuwezi kumpima mtoto yule wala kusema alikuwa na nini. Lakini maongezi yale yalichapishwa mwaka 1566, miaka 20 baada ya Luther kufa, yakasomwa na watu wengi. Na mnamo Agosti 2003, katika mji wa Milwaukee huko Marekani, mtoto wa miaka 8 mwenye usonji alikufa kanisani akiwa ameshikiliwa sakafuni katika maombi ya kumtoa pepo. Alikosa pumzi. Mhubiri aliyemlalia kifuani alihukumiwa kifungo mwaka uliofuata. Hakuna aliyekusudia kuua. Waliamini waliyokuwa wamefundishwa, wakayatenda.

Picha ya pili ni ya laana. Hii husemwa kwa sauti ya chini zaidi, lakini hupenya zaidi. Mhubiri anasema redioni kwamba nyumba yenye mtoto wa namna hii ichunguze agano la mababu, au dhambi ya mama alipokuwa mjamzito. Kisha inatajwa sadaka ya kuvunja laana, na namba ya simu ya kuipeleka. Mama anauza mbuzi. Mwezi ujao anauza wa pili.

Ndugu zetu, wanafunzi walimwuliza Yesu swali hili hili katika Yohana sura ya 9, juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake? Naye akajibu kwamba si yeye, wala si wazazi. Swali lile lilifungwa siku ile. Anayelifungua tena afahamu anabishana na nani.

Wala tusidhani kwamba ni watu wa dini peke yao waliowalaumu mama. Wasomi nao walifanya hivyo. Mwaka 1967, huko Marekani, Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilichowafanya watu wengi waamini kwamba usonji hutokana na mama asiyempenda mwanawe. Mama wengi walilia kwa ajili ya kitabu kile. Lakini mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, huko Uingereza, walichunguza watoto mapacha, wakaonyesha kwamba usonji una asili kubwa katika urithi wa damu, na si katika upungufu wa mapenzi. Tangu hapo uchunguzi mwingi umethibitisha hivyo. Mama unayetusikiliza, hukumfanya mtoto wako awe hivi kwa kosa lako. Hakuna aliyekuloga. Twasema haya kwa sauti ile ile ya redio iliyokuambia vingine.

Picha ya tatu ni nzuri, na kwa sababu ni nzuri hatuichunguzi. Ni picha ya malaika. Magazeti yetu ya kanisa hupenda kuandika kwamba mtoto huyu ni malaika asiyejua dhambi, aliyetumwa kuwafundisha wazazi wake uvumilivu. Anayeandika hivyo ana nia njema. Lakini mtoto akiwa malaika, nani atamtafutia shule? Malaika hahitaji mwalimu, wala chakula asichokataa, wala mtu wa kumpokea mama yake saa nane ya usiku apate kulala kidogo. Na mama akichoka, akikasirika, atawezaje kukiri kwamba amechoshwa na malaika?

Tulipozidi kwenda kwa mama yule, tulimwona susu wa mtoto akimwekea ungo wa ndengu. Mtoto huketi akachambua mawe na takataka, moja moja, asichoke. Ni kazi anayoipenda. Siku moja tulitaka kumsifu, tukaanza kusema jinsi Mungu alivyompa kipawa. Kabla hatujamaliza, alizimwaga ndengu zote mlangoni, akaanza kuzirusha kwa kuku. Susu alicheka sana. Akasema, "Mchungaji, huyu ni mtoto tu." Twafikiri kwamba katika miaka yote tuliyohubiri, hatujasikia theolojia iliyo sawa kuliko hiyo. Si pepo, si laana, si malaika. Ni mtoto, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, na ana jina.

Basi tufanye nini, sisi tulioshika kipaza sauti?

Kwanza, tuwe na desturi ya kumchukua mtu kando. Tuombee watoto, naam, kuombea hatuachi. Lakini tuwaombee kwa utulivu, nyumbani au chumbani, mama yao akiwapo, bila mitambo. Ushuhuda wa mtoto asiyeweza kusema ndiyo au hapana si mali yetu kuutangaza. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni aibu ikiwa sheria ya nchi itamheshimu mtoto huyu kuliko mimbara.

Pili, tulitaje jina la usonji, tuache kusema zezeta na punguani. Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2007 kwamba tarehe 2 Aprili iwe siku ya kuwakumbuka watu wenye usonji, nayo yaadhimishwa tangu 2008. Jumapili iliyo karibu na siku hiyo tuitumie kufundisha. Na tusiseme juu yao tu, bali tuwape nafasi ya kusema. Wako watu wazima wenye usonji wanaosema, wanaoandika na wanaosali. Ni mara ngapi kipindi cha dini kimewakaribisha?

Tatu, tuwaonyeshe wazazi njia. Tangu mwaka 1984 serikali ya Kenya imekuwa na vituo vya elimu vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum na kuwaelekeza shuleni. Mzazi aulize katika ofisi ya elimu au katika hospitali iliyo karibu. Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu huwaandikisha. Mwaka 2003 wazazi waliunda Autism Society of Kenya, na shule ya City Primary huko Nairobi ina madarasa ya watoto wenye usonji. Hakuna dawa ya kuuondoa usonji, na anayeiuza ni mwongo. Lakini mtoto akifundishwa mapema, kwa subira, aweza kujifunza kuonyesha anachotaka, kuvaa, kula, kucheza, na wengine kusema na kusoma.

Na msiseme kwamba redio haiwezi kufanya kazi hiyo. Sisi wa Kibwezi twajua nguvu yake. Kule Nthongoni, vikundi vya wanawake wa Mang'elete vilianzisha redio yao wenyewe, ikaanza kusikika mwaka 2004, ili kijiji kipate kuzungumza mambo yake. Ikiwa wanawake wakulima waliweza kuweka mlingoti wa redio kwa ajili ya jirani zao, sisi wachungaji hatushindwi kusema dakika chache za ukweli.

Tuliomba redio ile iliyorusha ushuhuda itupe dakika tano tusahihishe. Hatukuzipata. Basi dakika hizi za leo ndizo. Twasema mbele yenu nyote: mtoto yule hakuwa na pepo, mama yake hakurudisha chochote, nasi tulikosa. Ninyi majirani mliosikia tangazo la kwanza, lisikieni na hili, na watoto wenu waruhusuni wakacheze naye tena.

Mmetamani kujua yu hali gani. Bado hasemi. Hatuna muujiza wa kuwaletea. Mama amerudi kliniki. Kanisani tumepunguza sauti ya mitambo, na akina mama wa Umoja wa Akina Mama humwekea nafasi karibu na mlango, apate kutoka akizidiwa. Tumegundua kwamba anaupenda utaratibu wetu wa ibada, kwa kuwa ni ule ule kila Jumapili. Hutikisika taratibu sala zikisomwa. Siku moja tuliruka sala moja kwa sababu ya haraka, akalia kwa nguvu. Zamani tungalisema ni pepo. Siku ile tulirudi nyuma, tukaisoma sala tuliyoiacha, naye akatulia. Yamkini yeye peke yake ndiye aliyekuwa akisikiliza.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyemchukua kando asiyesema, ukamwuliza baba habari za mwanawe, utusamehe kwa watoto tuliowatangaza bila kuwauliza wazazi wao. Uwatie nguvu mama wanaokesha, na baba wasikimbie nyumba zao. Utufundishe kunyamaza inapotupasa, na kusema kweli tulipodanganya. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.